Shibiri Moja ya Mshono

Mtani,

Misheni walinifundisha kuanza barua kwa "Natumaini hujambo," na neno hilo moja limenishikisha kalamu bila kuandika tangu nimalize chai. Basi niache hilo, nianze na jambo ambalo ungeliuliza mwenyewe. Kiti cha pikipiki ulichonishonea ninacho. Kipo mbele yangu juu ya meza ya zahanati, kati ya chupa za dawa na hadubini, na bado hakijaisha.

Agnesi mkeo alikileta Jumanne amekiviringisha kwenye kanga. Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni akasema, "Chukua. Kikikaa nyumbani naona kama kuna mtu ameondoka sasa hivi tu." Unajua siku zote namwita mke wangu, kama mtani anavyomwita mke wa mtani wake, naye hunijibu kwamba ataolewa na Mfipa siku radi zitakapokwisha Ufipa. Safari hii nilisema, "Asante, shemeji Agnesi." Alinitazama kama nimemtukana, akageuka akaenda zake Nsemulwa.

Arobaini yako imepita. Pale barazani ulipokuwa ukishona viatu vya wachimbaji sasa anakaa mama mmoja anauza vyungu. King'ora cha mgodi kinalia vilevile. Msharasi wako wa kutobolea ngozi na sindano zako Agnesi amezifunga ndani ya kitambaa chenye mafuta zisipate kutu, ingawa hakuna anayejua anamtunzia nani. Mimi napita njia ya nyuma, kwenye majani, ili nisipaone mahali pale.

Sasa nikwambie shida yangu, maana sina mwingine wa kumwambia. Daktari ameniita. Ameushika mgongo wangu, ameuminya pale chini, nami nikapiga kelele kama mtoto. Akasema niende Mpimbwe Jumatatu hii au niseme wazi kwamba siwezi, anipe kazi ya mezani ya kuandika majina na kugawa vidonge. Hana dresa mwingine anayeendesha pikipiki. Nikishindwa mimi, vijiji vyote kuanzia Sitalike mpaka Kasansa vitakaa bila mtu wa kupima damu ya malale mpaka masika yaishe, na mvua zimekwisha kuanza kunyesha. Mtu mwenye malale akisubiri hivyo anafikia wapi, mtani? Wewe unajua kuliko mimi niliyesomea.

Ninavyo viti vitatu. Cha kwanza ni kile kilichokuja na pikipiki ya serikali, mpira mgumu juu ya springi mbili, kilichonivunja mgongo. Cha pili ni kile cha sponji. Cha tatu ni hiki chako. Ilinibidi nichague kimoja kabla ya Jumatatu, na mbele ya Mungu nakuapia, sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kukikalia hiki.

Unakikumbuka kile cha sponji? Nilikiagiza Tabora kupitia duka la hapa Mpanda, kikaja na treni kimefungwa kwa karatasi kama bibi harusi. Nilikibonyeza kwa kidole kikazama. Nikakikalia palepale dukani, juu ya sakafu, nikafumba macho, nikaona nimemaliza taabu zote za dunia. Nikakuletea ukione. Ulicheka mpaka ukaweka msharasi chini. Ukasema, "Mfipa weye, kiti hakichaguliwi dukani. Dukani kila kiti ni kitanda. Kiti kinachaguliwa maili ya arobaini." Nikakujibu kwamba Mkonongo kama wewe anajua mzinga wa nyuki, mambo ya pikipiki atuachie sisi tuliosoma. Wiki ile nilikwenda nacho Mpimbwe. Sponji ililala kabla sijauona mto wa Sitalike, na kutoka hapo nilikuwa nakalia mbao tupu na jasho langu. Nilirudi natembea kama bata, nikapita barazani kwako nimekaza uso, na ukaniita mbele za watu wote kuniuliza kama nimetaga.

Hapo ndipo ulipoamua. Hukuniuliza. Ulisema huwezi kumshonea mtu kiti kabla hujajua anateseka vipi, na mtu anayeteseka hasemi kweli, kwa hiyo ni lazima umwone. Ukafunga gunia lenye majani juu ya keria, ukapanda nyuma yangu na ndevu zako zote, tukaondoka. Ilikuwa wakati wa kuvuna ulezi. Mikononi ulikuwa na nyuzi mbili za kushonea, mmoja mweusi, mmoja mweupe. Kila nilipohamia upande wa kushoto ulifunga fundo kwenye ule mweusi. Kila nilipohamia kulia, kwenye mweupe. Niliponyanyuka kabisa kukwepa maumivu ulifunga zote mbili pamoja. Mimi sikujua hata kama nahama. Ningeapa kwamba nimekaa wima kama askari.

Tulipoingia porini baada ya Sitalike, mbung'o walitushukia. Mimi nilivaa koti la kaki na kofia yenye chandarua, kwa sababu mimi ni mtu wa malale, nimefundishwa. Wewe ulikuwa na shati la mikono mifupi. Na mikono yote miwili ilikuwa kwenye nyuzi. Hukuwapiga, ili usipoteze hesabu ya mafundo. Nilikusikia nyuma yangu unasema "Aa!" halafu unasema "La kumi na tisa." Mimi nikacheka. Nikakupigia kelele kupitia upepo kwamba mbung'o wameipenda damu ya Mkonongo kwa sababu ina asali.

Nimeyaandika maneno hayo ili yawepo mahali. Tangu tukuzike yananiamsha alfajiri. Dresa wa malale alimbeba mtu mikono wazi katika pori la mbung'o, akamsikia anaumwa, akamtania.

Tuliporudi ulinikalisha kwenye udongo. Ulikuwa umeuchukua kwa mfinyanzi, mbichi, laini, umeutandaza juu ya ubao, ukaniambia nivue suruali ndefu nibaki na kaptura na nikalie nisitikisike mpaka uniambie. Watu walikusanyika. Agnesi alijifunika uso kwa kanga akicheka. Niliponyanyuka uliinama ukalitazama shimo langu muda mrefu, kama ninavyotazama damu kwenye hadubini, halafu ukaniambia kwamba mfupa wangu wa kushoto unachimba zaidi ya wa kulia, na nyuzi zako zimesema hivyohivyo. Ulisema mimi napanda pikipiki kama mtu anayesikiliza mlangoni. Miaka miwili ya maumivu, na hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hilo.

Ukaanza kazi. Ubao wa mninga uliuchonga kwa kufuata lile shimo, kushoto ukachimba zaidi, katikati ukaacha mfereji. Sufi uliikataa, ulisema sufi ni ndugu yake sponji, inakupokea vizuri na kukutupa. Ulijaza manyoya ya mikia ya ng'ombe uliyoyachemsha na kuyasokota na kuyafumua tena, ili yajikunje na yasilale. Ngozi uliichagua ya mgongo. Nilitaka unishonee haraka, safari ilikuwa karibu. Ukaniambia ngozi isiposubiriwa inalipiza kisasi.

Halafu ukaanza kusinzia.

Kwanza ulinionyesha mkono. Palikuwa na uvimbe mwekundu, mgumu, juu ya kiwiko. Nikakwambia hilo ni jipu la uvivu, ukishika nyundo litapona. Na kweli likanywea. Kisha ukawa na homa, ukasema ni malaria, nikakupa vidonge bila kukutoboa hata kidole. Kisha kichwa. Kisha siku moja nikakukuta barazani adhuhuri, msharasi mkononi, kidevu kifuani, umelala mbele ya wateja. Nikapiga makofi masikioni mwako. Ukashtuka, ukatabasamu pole pole, ukasema, "Mtani, usingizi umenioa." Nikawaambia watu wote pale, mwoneni Mkonongo, asali imemlevya, kazi na yeye wapi na wapi. Wakacheka. Nawe ukacheka, ila ulichelewa, ulicheka wenzako walipokwisha kunyamaza. Niliiona ile. Niliiona nikaipita.

Najua kwa nini, na kujua hakunisaidii. Wewe na mimi hatukuwahi kuambiana neno moja la kweli waziwazi. Wafipa na Wakonongo ni watani tangu mababu zetu walipobeba mizigo njia moja, na mimi na wewe tuliishi humo kama samaki na maji. Ukiniambia una njaa, nakwambia mdomo wako mkubwa. Nikikwambia nimefiwa, unaniuliza nimemroga nani. Angekuwa mtu mwingine yeyote, mgeni yeyote wa Kasansa, angeniambia "Dresa, usingizi unanizidi mchana," ningemshika shingo kutafuta tezi papo hapo, ningemtoa damu, ningemwandikia sindano. Uliniambia wewe, nikasikia utani. Pengine hata wewe ulidhani unatania.

Nikaenda safari yangu. Majuma matano, mtani, juu ya sponji iliyokufa, nikitafuta malale kwenye shingo za watu nisiowajua. Niliwapata wawili. Nilijisifu. Niliporudi Agnesi alinikimbilia barabarani kabla sijazima pikipiki, akasema hujaamka kula tangu juzi, na ukiamka unamwita kwa jina la mama yako. Nilichukua tone la damu yako kwa mikono hii. Nilipoinama kwenye hadubini wadudu walikuwa wanaogelea humo, wengi, wazima, wenye nguvu kuliko wewe. Ulipelekwa kwa gari la daktari, ukapigwa sindano. Sindano zilikuwa zilezile zinazoponya watu kila siku. Ila zinawaponya waliowahi.

Siku ya kukuzika walinisubiri. Hilo ndilo jambo la pili ninalotaka kukuomba radhi, na labda ndilo kubwa. Mtani ana kazi yake msibani, wote wanaijua. Ndiye anayelala mbele ya jeneza akakataa lisipite mpaka apewe kitu. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka, wapate kupumua. Shangazi yako aliniletea aproni yako ya ngozi. Aliiweka mikononi mwangu, akasema, "Haya, Mfipa." Nikaishika. Ilikuwa na harufu ya nta na ya mkono wako. Watu wakanigeukia, wengine wamekwisha kuanza kutabasamu, wanajua nitasema nini kuhusu asali na uvivu na usingizi.

Usingizi! Ningesema nini, mtani? Utani wangu wote juu yako ulikuwa umekwisha kukuua.

Sikuweza. Shangazi yako akaninyoshea kidole, akauliza kwa sauti, "Sasa nani atamchekesha huyu?" Nikatoka katikati ya watu nikaenda kusimama karibu na pikipiki yangu, aproni kifuani, na ukazikwa kimya kama mpita njia asiye na watu. Tangu siku hiyo ndugu zako wananisalimia kwa heshima. Hakuna adhabu inayouma kama hiyo.

Kwa hiyo kiti hiki nilikikagua tangu Jumanne mpaka juzi bila kukikalia. Nimeupitisha mshono chini ya kidole, kama mtu anayesoma. Unapoanza, upande wa mbele, mishono yako imepangana kama punje za hindi. Ukifika ubavuni, mmoja unakuwa mrefu, unaofuata mfupi. Mbele kidogo mstari unaanza kupanda, unashuka, unarudi. Pana matundu matatu uliyatoboa ukasahau kupitisha uzi. Halafu imebaki shibiri moja, kutoka kidole gumba mpaka kidole kidogo, hapakushonwa kabisa, na uzi unaning'inia. Kiti hiki nilikishika mkononi siku moja kabla ya safari, mshono ukiwa umefika pale unapoanza kupotea. Nikakwambia umeshona umelewa. Ugonjwa wote ulikuwa umeandikwa pale kwenye ngozi, na mimi nina cheti cha kuusoma.

Jumatano nilikipeleka kwa fundi mwenzako wa mgodini, yule anayeshona mikanda ya mashine. Alikigeuza, akakisifu ubao, akakisifu ujazo, akasema huyu alikuwa fundi. Kisha akasema mshono wa huku nyuma wote ufumuliwe, maana mvua itaingia kwenye yale matundu na manyoya yataoza. Ni kweli. Hata wewe ungesema hivyo, ungesema mshono mbaya ni mbaya hata akiushona padri. Akachukua kisu. Nilipoona ncha inagusa uzi wako nilimnyang'anya kiti mikononi nikatoka nacho mbio. Aliniuliza kama nimerukwa na akili. Mtani, sijui. Kuna asubuhi naamka natamani mgongo uvunjike moja kwa moja, niwe na sababu, nikae mezani nigawe vidonge, asiniamini mtu tena na shingo yake wala damu yake. Mtu aliyemwacha wa kwake alale barazani anawatafutia nini wengine huko Kasansa?

Lakini jana nilikifunga kwenye pikipiki. Sikuamua, mikono ndiyo iliyoamua. Pale palipo wazi nikapazungushia bendeji, kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa nacho. Watu wa Nsemulwa waliniona wakasema pikipiki ya dresa imejeruhiwa. Nikashika njia ya Magamba.

Nilikuwa nasubiri maumivu. Nayajua yanapoanzia, kwenye yale mabonde ya kwanza, upande wa kushoto, kama mtu anayebisha hodi kwa msumari. Nikayafikia mabonde, nikakaza meno. Hayakuja. Nikapita mashamba ya mihogo, nikapita daraja la magogo, hayakuja. Mfupa wangu wa kushoto ulikaa kwenye shimo lake ulilolichimba, na mgongo ukanyooka wenyewe, nami nikawa nimekaa kama sijawahi kukaa tangu nipewe pikipiki ile. Nikasimamisha. Nikashuka nikakaa kwenye majani nikalia mpaka kamasi. Mama mmoja aliyekuwa anapura maharage akaja na kata ya maji, akaniuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Nikamwambia siumwi popote. Hakuelewa, akanimwagia maji kichwani.

Hivyo ndivyo nilivyochagua kiti, Kasagula. Sikuchagua dukani.

Jumatatu nakwenda Mpimbwe. Hiki ndicho nitakachokalia, na mishono yako iliyopotea sifumui hata mmoja. Matundu yale nitayaziba kwa nta ya mizinga yako, Agnesi amenipa. Shibiri iliyobaki nitaishona mwenyewe, kwa uzi wa vidonda, maana ndiko kushona ninakokujua. Itakuwa mbaya. Itaonekana kama tumbo lililopasuliwa. Ila haitavuja, na kila nikipitisha kidole nitajua ulipoishia wewe na nilipoanzia mimi.

Na nakuahidi hili. Mtu akiniambia anasinzia, hata akisema huku anacheka, hata awe mtani, hata awe amelewa kweli, nitamtoboa kidole kwanza, kucheka baadaye. Nimekwisha kuanza nyumbani kwako. Leo asubuhi nimewatoa damu Agnesi na watoto wako wote watatu. Nimetazama kila tone mpaka macho yakauma. Ni wazima. Agnesi alipoona naifuta sindano akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Mfipa siku hizi ananyonya damu waziwazi bila hata kungoja giza. Mtani, alinitania. Sikujua nilikuwa naihitaji sauti hiyo kiasi gani. Nikamwambia, "Nyamaza, mke wangu."

Jumatatu kabla sijaondoka nitapita kaburini. Nitavaa aproni yako, nitaigiza unavyotembea umebinua tumbo, na shangazi yako nimekwisha kumwomba aje na watu. Nitasema yote niliyoyameza siku ile. Nitasema, mwoneni Mkonongo huyu, fundi gani anakufa kazi imebaki shibiri moja, wavivu nimewaona lakini huyu amezidi. Sauti ikinikwama nitaanza tena. Safari hii sitoki mpaka wacheke.

Barua hii nikiimaliza naikunja mara nne, naisukuma ndani ya kiti katikati ya manyoya, halafu nashona. Nimefikiria sana niipeleke wapi, nikaona hakuna mahali pengine. Kwa hiyo, mzee wa asali, kuanzia Jumatatu Mfipa atakukalia kutoka Mpanda mpaka Kasansa na kurudi, mabonde yote, mwezi baada ya mwezi. Kasirika basi. Njoo unijibu.

Kwaheri, mtani. Msalabani wamekuandikia ulale kwa amani, na mimi mkono wangu unalikataa neno hilo. Kaa vizuri huko uliko. Mimi umeshanikalisha.

Mtani wako,
Leonsi, Mfipa